Waya wa Namba Tatu

Siku ile tulikuwa sita kibandani, na nitawataja wote kwa sababu wote waliona. Alikuwepo Fundi Magesa, Mkerewe, mwenye kibanda cha kutengeneza redio na mwalimu wangu wa kazi. Alikuwepo Mwalimu Joas, aliyefundisha hesabu katika shule ya jirani na kupenda muziki kuliko hesabu. Alikuwepo Chacha, kijana wa Tarime aliyekuwa anarekodi kanda na kuziuza. Mama Ghati, aliyeleta bidhaa kutoka mpakani Sirari, alikaa mlangoni juu ya mzigo wake. Alikuwepo mdogo wangu Sospeter, miaka kumi na sita, amefunikwa kitenge kichwani. Na mimi, Masanja, nimesimama nyuma yake, mkono wangu kwenye voliumu. Dada yetu Tabu alipita kutuachia chai akaondoka, kwa hiyo yeye simhesabu.

Sospeter aliingia mle na masikio mawili. Alitoka na moja.

Ninyi vijana mnaotengeneza simu kule Igoma mliniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani. Najua mlitaka vichekesho. Vipo, nitavisimulia. Lakini kila nikianza na kichekesho najikuta nimerudi kibandani Igogo, hapa Mwanza, Jumapili ile, kwa hiyo nimeona nianzie huko, mjue tangu mwanzo mnachosoma.

Kabla ya miaka ya ruksa, redio ilikuwa moja kwa nyumba nzima, na ilisikika kwa jirani upende usipende. Hedifoni tuliziona kwenye picha. Kisha mipaka ikafunguka, vitu vikamwagika. Ghafla mtu wa kawaida aliweza kununua redio ndogo ya kanda ya kuning'iniza kiunoni, na hizo spika ndogo za kuchomeka masikioni. Zilikuwa rahisi, na ziliharibika kabla hujazizoea. Mtu alinunua Jumatatu, Ijumaa yuko kwetu anazizungushia mkononi kama kamba ya mbuzi.

"Fundi, upande mmoja umekufa."

"Haujakufa," Fundi Magesa alikuwa anajibu. "Wewe ndiye umeunyonga."

Na alikuwa sahihi. Spika yenyewe ilikuwa nadra kufa. Kinachokufa ni waya, tena sehemu mbili tu: shingoni mwa pini ya kuchomeka redioni, pale unapokunjwa mfukoni, au unapoingilia kwenye spika, pale mtu anapovuta kuitoa sikioni. Chukua betri kavu, gusisha pini. Ukisikia "kwaru", spika ni nzima. Halafu pandisha kidole taratibu kwenye waya hadi utakapofika mahali penye mfupa uliovunjika. Utauhisi. Kata hapo.

Kuunga ndiko kulikokuwa na mtihani. Nilipoanza kazi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Baba alifariki, mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Tabu alikuwa na miaka kumi, Sospeter saba. Fundi Magesa alinichukua nifagie, halafu nishike tochi, halafu nishike chuma cha moto, kile cha kuyeyusha risasi ya kuungia waya. Hedifoni yangu ya kwanza ilikuwa ya mganga wa zahanati. Niliunga vizuri, risasi inang'aa. Akarudi kesho yake: haisikiki. Nikaunga tena. Akarudi. Mara ya tatu aliniuliza kama namdai kitu.

Sikujua kuwa nyuzi zile za shaba, nyembamba kama nywele, zimepakwa rangi inayozuia umeme. Nyekundu, kijani, rangi ya shaba. Mimi nilidhani ni urembo. Fundi aliniacha nihangaike wiki nzima, kisha akatoa kidonge cha aspirini mfukoni.

"Shikamoo fundi, mimi siumwi," nikamwambia.

"Unaumwa sana. Weka huo waya juu ya kidonge, ubonyeze na chuma."

Moshi ulipanda ukaniingia puani, nikatokwa machozi kama niliyefiwa, na rangi ikatoka. Risasi ikashika. Miaka yote iliyofuata nilinunua aspirini nyingi kuliko wagonjwa. Mwenye duka la dawa alifikiri nina kichwa kibovu, akawa ananipa pole kila nikiingia.

Sasa niwaambie kuhusu Jumapili.

Baada ya ibada, wapenda sauti walikuwa wanakuja kibandani. Kibanda kiliegemea jiwe kubwa, mchana jiwe lile lilipika watu, lakini walikuja. Kila mmoja alikuwa na hedifoni yake ya bei rahisi na kila mmoja aliapa yake ndiyo bora. Ili ugomvi uishe tuliweka utaratibu. Kila hedifoni ilibandikwa plasta yenye namba. Msikilizaji alikaa kwenye kigoda akafunikwa kitenge asione tunachochomeka. Alisikiliza kwa sikio la kulia tu, la kushoto likibaki wazi kusikia maswali. Kanda ilikuwa ileile siku zote, nyimbo tatu alizorekodi Chacha kwa uangalifu. Akimaliza kusikiliza anataja namba, na kizibo cha soda kinawekwa kwenye kopo la namba hiyo. Mwisho tunahesabu vizibo. Mama Ghati alileta kwa wingi namba iliyoshinda, maana alijua kibanda kikisema, Igogo nzima inanunua.

Mnaweza kucheka. Watu wazima, wamefunikwa vitenge, wanabishana juu ya vitu vya bei ya mikate miwili. Lakini yalikuwa maisha yetu, na mimi ambaye sikumaliza shule nilikaa na mwalimu nikabishana naye, na alinisikiliza.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa nyaya. Mwalimu Joas aliamini waya mnene unaleta sauti nzito. Fundi Magesa hakutaka hata kusikia.

"Mwalimu, ng'ombe akitembezwa kutoka Magu, hanenepi kwa sababu barabara ni pana."

"Lakini barabara nyembamba humkwaruza, fundi!" Mwalimu alijibu, na Chacha alicheka hadi akaangusha kanda.

Aliyekuwa na masikio ya kweli pale alikuwa Sospeter. Siyo kwa sababu ni mdogo wangu. Ukimpa hedifoni mbili alikuwa anakwambia hii imezibwa na nta, ile spika yake imebonyea, na ukifungua unakuta hivyohivyo. Kanisani alikuwa amefundishwa kinanda, na mwalimu wa kwaya alisema mtoto huyu anasikia sauti moja iliyopotea kati ya waimbaji thelathini. Mwaka uliofuata walikuwa wamempangia kwenda kusoma muziki, ili arudi kuwa mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya. Nyumbani kwetu hapakuwa na kitu kingine cha kutarajia. Mimi nilikuwa na mikono, Tabu alikuwa na mdomo, Sospeter alikuwa na masikio. Tulisema hivyo kwa utani, lakini ndivyo tulivyoishi.

Jumapili moja kabla ya siku ile, Mama Ghati alileta hedifoni mpya ya waya mnene, tukaibandika namba tatu. Nilifunikwa kitenge nikasikiliza. Nikaapa kuwa namba tatu ina sauti nzito kuliko zote. Fundi akabadilisha mpangilio nisikilize tena, nikataja namba nyingine. Mara ya tatu nikataja nyingine kabisa.

"Masanja," Fundi Magesa akasema, "mikono Mungu amekupa. Masikio amekupa ya kushikilia kofia."

Walicheka wote. Mama Ghati alicheka akajifuta machozi kwa kanga. Mimi pia nilicheka. Lakini wiki nzima neno lile lilininyima usingizi. Niliichukua namba tatu, nikawa naisikiliza kutwa, nauzungusha waya wake kwenye vidole huku nikiwaza. Mwalimu Joas ndiye aliyenipa wazo. Alisema tofauti ipo, ila inaliwa na rezista.

Nieleze kidogo. Siku zile kibandani tulikuwa na amplifaya ya kwaya, imeletwa kutengenezwa. Ilikuwa ya kusukuma spika za ukumbi mzima. Kwenye tundu lake la hedifoni kulikuwa na rezista mbili, kazi yake kuzuia nguvu ile yote isiingie sikioni mwa mtu. Fundi alikuwa amenionyesha kwa kidole: hizi usiguse. Hakunieleza mara mbili kwa sababu hakuwa na desturi ya kunieleza mara mbili.

Jumamosi, Fundi akiwa sokoni, nilifungua kifuniko. Nikatoa rezista zote mbili, nikaunganisha vipande vya waya mahali pake. Nilitaka sauti ipite bila kuliwa, ili tofauti ya waya isikike, ili kesho watu wamcheke mtu mwingine. Nilijaribu kwa voliumu ya chini sana, nikaona ni salama. Na niliona jambo jingine pia: namba tatu ilikuwa inakatika. Kule kuuzungusha kwangu vidoleni kulikuwa kumeuvunja waya shingoni mwa pini. Ulisikika, ukapotea, ukasikika. Nikaukunja kidogo ukashika. Nikasema utafika kesho.

Jumapili Fundi Magesa aliingia, akaiona amplifaya mezani imefungwa.

"Tutumie hii leo?"

"Ina sauti safi kuliko redio, fundi."

"Rezista zimo?"

"Zimo, fundi."

Alikunywa chai yake. Tangu hapo nimesema maneno mengi maishani, lakini yale mawili ndiyo nayasikia.

Tulimfunika Sospeter. Namba moja: alisikiliza, akatikisa kichwa. Namba mbili: akasema inapiga kelele kama sufuria. Nikachomeka namba tatu. Kimya.

"Sisikii kitu, kaka."

"Subiri."

Nikapandisha voliumu. Kimya. Nikapandisha tena. Nilijua ni waya, nilijua kabisa, lakini sikutaka mbele ya watu wale namba tatu ionekane mbovu. Nikapandisha hadi mwisho, na kwa mkono wa pili nikashika shingo ya pini nikaukunja waya kama nilivyoukunja Jumamosi.

Ukashika.

Hamkusikia sauti iliyotoka kwenye ile spika ndogo. Tuliisikia sisi tuliokuwa mbali nayo. Sospeter aliruka na kigoda, kitenge kikaanguka, chai ikamwagika mezani. Alikuwa amebana sikio la kulia kwa viganja vyote viwili na mdomo uko wazi, lakini halii. Nikashusha voliumu.

Sospeter akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Naamini aliona. Alikuwa mtoto aliyelelewa na mimi, akila nilichopika, akijua nikiwa na aibu kabla sijajijua mwenyewe. Akashusha mikono.

"Hiyo," akasema. "Namba tatu. Hiyo ina sauti nzito."

"Nilisema mimi!" Mwalimu Joas akapiga makofi. Chacha akatumbukiza kizibo kwenye kopo la namba tatu. Walinipigapiga mgongoni.

"Mbona mtoto analia?" Mama Ghati akauliza.

"Ni jasho, mama," akasema Sospeter.

Fundi Magesa hakupiga makofi.

Jumatatu asubuhi nilimkuta amefungua kifuniko cha amplifaya. Vile vipande vyangu vya waya alikuwa amevitoa, amevipanga mezani. Rezista alizikuta kwenye kopo la takataka, akazirudisha mwenyewe.

"Uliniambia zimo."

"Ndiyo, fundi."

"Mdogo wako anasikia?"

"Anasikia."

"Nenda kamuulize. Ukae upande wake wa kulia, na asiuone mdomo wako."

Sikwenda kumuuliza. Niliogopa jibu. Nilijiambia angekuwa ameumia angesema, na kwa kuwa hasemi, hakuumia. Nilikuwa kaka wa kujivunia: sikuwahi kuwalaza njaa, sikunywa pombe, sikuoa hadi Tabu alipoolewa. Watu walinitolea mfano. Na mtu huyo wa mfano alimwacha mdogo wake miezi minne bila kumuuliza swali moja.

Tabu ndiye aliyegundua. Alikuwa anakaanga samaki, akawa anamwita Sospeter alete chumvi. Akamwita mara tatu. "Siku hizi umekuwa mjeuri!" Akamfuata, akamwita tena akiwa nyuma ya bega lake la kulia, karibu kabisa. Sospeter hakugeuka. Tabu alikuja kibandani akiwa bado ameshika mwiko.

"Kaka, Sospeter hasikii."

Kwaya walikuwa wameshajua. Alikuwa anaanza wimbo sauti isiyo yake. Alikuwa hajui mwimbaji aliyekosea amesimama upande gani. Alimwambia Tabu kuwa ndani ya sikio kuna mlio usiozima, kama wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi, kwamba wameingia wote wakakaa humo. Safari ya kusoma muziki alipewa mwingine.

Hospitali daktari alimpima kwa muda mrefu. Akasema mshipa wa kusikia umeumia na haurudi. Nikauliza kama hauwezi kuungwa. Daktari alitabasamu, kisha akaona kuwa sitanii.

"Ilikuwaje?" akamuuliza Sospeter.

"Waya ulikuwa mbovu," Sospeter akasema. "Vitu vya bei rahisi."

Nami nilikuwa nimekaa pale, mikono juu ya magoti, nikaacha iwe hivyo.

Maneno yale yalisambaa. Mama Ghati aliyasikia. Alikuja nyumbani kwetu na kuku na kilo ya sukari, akapiga magoti mbele yangu, mama mtu mzima, akaomba radhi kwa sababu bidhaa yake ilimharibu mtoto. Alisema hataleta tena hedifoni Mwanza. Nikamwinua. Nikamwambia tumesamehe. Tabu alimpika yule kuku na sisi tukala. Ninyi mnaosema mimi ni mtu wa haki, kumbukeni yule kuku.

Jumapili zetu zilikufa zenyewe. Mwalimu Joas alihamishwa, Chacha akarudi kwao, na Fundi Magesa akanisemesha mambo ya kazi tu hadi alipofariki. Chuma chake cha moto aliniachia mimi, bila neno. Nilikuwa namwambia ukweli moyoni kila nikikishika, kumbe kumwambia marehemu ni rahisi sana.

Kazi nayo ilikwisha mikononi mwangu. Vitu vilivyokuja baadaye havina skrubu, vimegandishwa kwa gundi, na bei ya kutengeneza ikapita bei ya kununua. Mtu anatupa jalalani kitu ambacho kingehitaji kidonge kimoja cha aspirini. Siwalaumu ninyi. Lakini msinidanganye kuwa ujuzi wangu bado una mahali. Niliufanyia kazi maisha yangu yote na nimeona ukitupwa nikiwa hai.

Sospeter aliingia kiwanda cha minofu ya sangara, mahali ambapo mashine zinapiga kelele na hakuna anayekuhitaji usikie. Alikata samaki hadi vidole vikapinda. Sasa yuko Pasiansi, ana wajukuu wawili. Kinanda hakukigusa tena. Ukienda kwake anakuonyesha kiti cha upande wa kushoto kabla ya kukukaribisha.

Kama kuna la kujifunza, ni hili moja, na ni la kazi: kabla ya kuuchezesha waya, shusha voliumu hadi chini. Spika iwe mezani, isiwe sikioni mwa mtu. Na fundi wako akikuuliza kama kitu kimo na hakimo, mwambie hakimo, hata kama watu wote wanakutazama.

Kurasa hizi nilimpa Tabu kwanza azisome. Alizisoma zote. Yeye pia hakuwa amejua habari ya rezista.

"Kaka," akasema, "hii siyo ya vijana wa Igoma. Mpelekee mwenyewe."

Jumapili iliyopita nilikwenda Pasiansi, karatasi zikiwa zimekunjwa mfuko wa shati. Sospeter alinionyesha kiti cha kushoto. Tuliongea habari za wajukuu, za maji yaliyopanda ufukweni, za goti langu. Nilipeleka mkono mfukoni mara mbili. Mara ya pili aliniona, akauliza, "Unatafuta nini, kaka? Dawa?"

"Miwani," nikasema.

Miwani ilikuwa usoni mwangu. Aliitazama, akatazama chini, akanimiminia chai.

Nilirudi na karatasi. Ndizo hizi mlizoshika. Ninyi mmeshaambiwa, na yeye bado ananidai, miaka yote hii, maneno mawili niliyopaswa kusema Jumapili ile: hazimo, fundi.